Mashindano ya Dunia ya baiskeli Kigali 2025: nyota nne, na Jumamosi ya wanawake iliizidi Jumapili ya Pogačar

Nianze na hukumu kabisa ili asiye na muda aishie hapahapa. Mashindano ya Dunia ya baiskeli za barabarani ya Kigali, Septemba 21 mpaka 28, 2025, kama kitu cha kwenda kuangalia kwa macho yako nayapa nyota nne kati ya tano, ile moja nimeikata kwa sababu nitakazozisema mbele, na kama ningepewa siku moja tu ya kurudia basi sirudii ile Jumapili ya wanaume ambayo kila mtu anaipost, narudia Jumamosi ya wanawake. Najua kuna watu watanirukia kwa hilo lakini wakuu tulieni kwanza nielezee.

Tuelewane kuhusu hela. Mbio za barabarani hazina kiingilio, unasimama pembeni ya lami nyuma ya vizuizi unaangalia bure, bingwa wa dunia anakupita umbali wa mkono na hujalipa hata faranga moja. Sasa fikiria mchezo gani mwingine wa dunia unakupa hiyo, mpira? Sahau. Kinachokula hela ni safari na kulala. Mimi niliingia kwa basi kupitia Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, na kwa mliozoea kwetu kumbukeni ukivuka tu pale magari yanahamia kulia, na saa inarudi nyuma lisaa limoja, hili la saa usilichukulie poa kwa sababu ratiba zote za mbio ni za saa za Kigali na simu yako isipojibadilisha yenyewe unaweza kujikuta umekaa barabarani peke yako na mapolisi. Malazi ndo palinikera. Gesti niliyokuwa nimeongea nayo kwa simu bei ilikuwa nyingine kabisa nilipofika mlangoni, wanakwambia "mashindano, kaka", basi unalipa tu utafanyaje na begi liko mgongoni. Somo ni kulipa mapema na uwe na uthibitisho wa maandishi, bei ya mdomo wiki kama ile haina maana.

Mji wenyewe walikuwa wameuandaa kweli. Shule za Kigali zilifungwa wiki nzima ya mashindano na watumishi wakahimizwa kufanyia kazi nyumbani, kwa hiyo watoto walikuwa barabarani kuanzia asubuhi, na hicho ndo kilichoipa ile wiki kelele zake. Na tusijifanye hatujui kwamba kulikuwa na maneno mengi kabla, Februari mwaka huohuo Bunge la Ulaya lilitaka mashindano yaondolewe Kigali kwa sababu ya vita ya mashariki mwa Kongo, na UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, wakashikilia yabaki. Hayo kila mtu ana msimamo wake, mimi hapa nahakiki mbio. Ila ukweli mmoja haubishaniwi, haya mashindano yameanza miaka ya 1920 na ilikuwa mara ya kwanza kabisa kufanyika Afrika.

Sasa kitu kinachofanya Kigali iwe tofauti kwa mtazamaji ni mzunguko. Ukienda kuangalia hatua moja ya Tour de France unasubiri nusu siku, yanapita magari ya matangazo, halafu msafara wa wapanda baiskeli unapita vuuup kama nusu dakika, umemaliza, rudi nyumbani. Mashindano ya Dunia mara nyingi yanafanyika kwa kuzungushwa palepale, na Kigali mzunguko ulikuwa wa kilomita 15.1, kuanzia na kumalizia Kigali Convention Centre, wanaume wakubwa walipangiwa kuuzunguka mara 15 na wanawake mara 11. Maana yake wanaume walikuwa wanakupitia kila baada ya dakika ishirini na kidogo. Unapata muda wa kunywa maji, kubishana na jirani yako, kuangalia simu, halafu unasikia helikopta inasogea na mtaa mzima unaanza kupiga kelele hata kabla hujaona mtu.

Ndani ya huo mzunguko kuna vilima viwili, Kigali Golf ambacho ni kama mita 800 hivi, na Kimihurura, kilomita 1.3 na barabara yake ni ya mawe. Mimi nilipiga kambi Kimihurura na sijutii hata kidogo. Kwenye tambarare waendesha baiskeli ni rangi tu zinapita, lakini kwenye kilima cha mawe spidi inashuka mpaka unawasoma sura. Unaona nani anapumua kwa mdomo, nani jezi imefunguliwa mpaka kitovuni, chumvi ya jasho imekauka nyeupe mabegani, nani anamwangalia mwenzie kwa jicho la pembeni kumpima. Na mlio, huo kwenye TV huusikii, matairi ya mamia ya baiskeli yakipita juu ya mawe kwa pamoja cheni zinagonga fremu tatatata, unahisi mpaka kwenye soli ya kiatu. Raundi za mwanzo wanapita wamebebana kundi zima wanaongea na kucheka, raundi za katikati hakuna anayeongea, raundi za mwisho wanapita mmoja mmoja na kuna jamaa anasukuma pedali kama vile hajui yuko mji gani. Ukisimama sehemu moja siku nzima unaona binadamu anavyoisha taratibu.

Na kuna kamchezo ka kufanya mwenyewe bila kutegemea mtangazaji. Chagua nguzo ya taa, wa kwanza akiipita washa saa ya simu, kundi linalofuata likifika izime. Raundi ijayo rudia. Namba ikipungua wanamkamata, ikiongezeka ameshaondoka huyo. Jirani zangu walianza kuniuliza mimi "ngapi?" kila raundi, nikawa ofisi ndogo ya takwimu pale.

Siku ya kwanza, Septemba 21, ilikuwa taimu trayo, mbio za kupigana na saa, kila mtu anaachiwa peke yake kwa muda wake. Huwa nawaambia watu kwamba taimu trayo ni ya kuboa barabarani kwa sababu huoni nani anamshinda nani, unaona tu mtu mmoja anapita, halafu mwingine. Basi hii ilinifunga mdomo. Kilomita 40.6 kwa wanaume, wanatoka BK Arena wanaishia Convention Centre, Remco Evenepoel wa Ubelgiji aliachiwa dakika mbili na nusu nyuma ya Tadej Pogačar wa Slovenia, na kwenye mawe ya Kimihurura akamfikia. Akampita! Bingwa wa Tour de France, mtu ambaye msimu mzima amekuwa akiwafanya wengine waonekane wanafunzi, anapitwa na aliyeanza nyuma yake. Mtaa ulipiga ukelele ambao sijausikia tena wiki ile, na hapo huhitaji mtangazaji wala saa, hesabu unaiona kwa macho. Remco akachukua dhahabu yake ya tatu mfululizo baada ya zile za 2023 na 2024, Jay Vine wa Australia wa pili kwa dakika 1 na sekunde 14, na Pogačar akamaliza wa nne akaikosa shaba kwa kitu kama sekunde moja hivi, nyuma ya mchezaji mwingine wa Ubelgiji, Ilan Van Wilder. Siku hiyohiyo Marlen Reusser wa Uswisi akabeba ya wanawake.

Kwa wageni wa huu mchezo, ile jezi nyeupe yenye mistari mitano ya bluu, nyekundu, nyeusi, njano na kijani anayoivaa bingwa wa dunia anaivaa mwaka mzima ila kwenye aina ya mbio aliyoshinda tu. Kwa hiyo Remco utamuona nayo kwenye taimu trayo, mbio za kawaida havai.

Katikati ya wiki ni za vijana, na kama una watoto hizi ndo za kuwapeleka, msongamano ni mdogo na unapata nafasi ya mbele bila kusukumana. Mwaka huo wa 2025 pia ndo mara ya kwanza wanawake chini ya miaka 23 walipata mbio yao ya barabarani inayojitegemea, zamani walikuwa wanakimbia na wakubwa halafu wanatafutiwa medali ndani ya mbio za wengine, kitu ambacho mimi nilikuwa nakiona cha dharau. Célia Gery wa Ufaransa akawa wa kwanza kuichukua.

Haya, Jumamosi. Kilomita 164.6, wanawake wakubwa, na majina yote makubwa yapo, Demi Vollering wa Uholanzi, Reusser aliyetoka kushinda taimu trayo, Pauline Ferrand-Prévot wa Ufaransa aliyebeba Tour de France ya wanawake mwaka huohuo, Elisa Longo Borghini wa Italia. Kila mmoja anajua yeye akivuta mwenzake atakaa mgongoni kwake akikingwa upepo bure halafu amalizwe mwishoni. Basi wakaanza kuangaliana. Mimi pale kilimani nawaona kabisa, kundi la wakubwa linapanda na hakuna anayetaka kutangulia, mmoja anasogea pembeni, mwingine naye anasogea, na mbele yao kuna kakikundi ka watu ambao hakuna hata mmoja mtaani kwetu aliyekuwa anawajua. Saa yangu ikasema wanaondoka. Raundi inayofuata wameondoka zaidi. Jirani akaniambia watawarudisha tu, hao wakubwa wanajua wanachofanya. Hawakuwarudisha. Raundi ya mwisho kwenye mawe ya Kimihurura Magdeleine Vallieres wa Kanada, miaka 24, dada ambaye kwenye timu yake kazi yake ya kila siku ni kuwasaidia wengine, akasimama juu ya pedali akawaacha, akamaliza sekunde 23 mbele ya Niamh Fisher-Black wa New Zealand, Mavi García wa Hispania wa tatu. Kabla ya hapo Kanada haikuwa imewahi kupata bingwa wa dunia wa mbio za barabarani wa ngazi hiyo tangu mashindano yaanze. Yaani ilikuwa mbio ambayo mpaka raundi ya mwisho kabisa hujui, kila mara wakipita stori imebadilika, na mtu uliyesimama kilimani ulikuwa unaiona stori inavyogeuka kwenye sura zao kabla haijafika kwenye matokeo. Hiyo ndo thamani ya kusafiri.

Jumapili sasa. Kwenye karatasi ilikuwa ndo funga kazi, kilomita 267.5 na milima ambayo ukijumlisha kupanda kwote unapata mita 5,475, yaani toka usawa wa bahari ungekuwa umeshakaribia kilele cha Kilimanjaro, na mji wenyewe uko juu kiasi kwamba hewa tayari ni nyepesi. Katikati ya mbio wanatolewa kwenye mzunguko mdogo wanapelekwa kupanda Mont Kigali, kilomita 5.9, halafu ule ukuta maarufu wa Nyamirambo, Kwa Mutwe, mita 400 za mawe na mwinuko wa asilimia 11. Rafiki yangu aliganda Kwa Mutwe tangu asubuhi kwa sababu ndo picha aliyoizoea kwenye Tour du Rwanda, vaibu anasema ilikuwa ya ajabu na Kiswahili pale Nyamirambo kinapanda vizuri tu hupati shida ya kuongea na watu, ila wanaume wakubwa walipita pale mara moja tu siku nzima. Mara moja! Mimi nilikuwa nawaona kila raundi. Lakini na yeye ana haki ya kunicheka, kwa sababu mbio zilivunjikia upande wake, Pogačar alichomoka Mont Kigali zikiwa zimebaki kama kilomita 104, akafuatwa na Juan Ayuso wa Hispania na Isaac del Toro wa Mexico, ambao kwenye timu za kulipwa wakati huo wote watatu walikuwa wanavaa jezi moja ya timu ya UAE, hapa wanakimbilia nchi zao ila mguu umezoea mguu. Ayuso akaachwa, del Toro akaachwa, zikiwa zimebaki kilomita 66 jamaa yuko peke yake.

Na hapo kwangu mbio ziliisha kunoga. Sisemi hakufanya makubwa, kukaa peke yako mbele kilomita 66 kwenye vile vilima ni unyama, lakini kwa mtazamaji ni saa nzima na zaidi ya mtu mmoja anapita, unampigia makofi, unasubiri. Kilichonishika ni Remco nyuma, alipata matatizo ya baiskeli akabadilisha mara mbili, alikuwa na hasira inayoonekana mpaka kwa mtoto, halafu akaanza kuokota watu mmoja mmoja mpaka akafika wa pili, dakika 1 na sekunde 28 nyuma ya Pogačar. Ben Healy wa Ireland wa tatu. Walioanza walikuwa 165, waliofika mwisho 30. Soma tena hiyo namba.

Hiyo ndo nyota niliyokata. Njia ilikuwa ngumu kupita kiasi, na kwenye mizunguko ya namna hii ukiachwa sana unatolewa barabarani, kwa hiyo raundi baada ya raundi watu wanapungua na wengi wa mwanzo kupotea ni hawa wa nchi ndogo, wakiwemo wa kwetu Afrika. Watu wamekuja kumshangilia Mnyarwanda, Muethiopia, Muuganda, wanamuona raundi chache amepotea. Hata Biniam Girmay wa Eritrea, aliyebeba jezi ya kijani, ile ya mwenye pointi nyingi, ya Tour de France 2024 na ambaye Waeritrea walikuja na bendera zao kwa wingi kwa ajili yake, hii haikuwa njia yake kabisa, yeye ni mtu wa spidi ya mwisho. Ingekuwa na kilima kimoja pungufu tungekuwa na mbio ya watu kumi mwishoni badala ya maandamano ya mtu mmoja. Kingine, ukiwa barabarani bila bando wewe ni kipofu kati ya raundi na raundi, na watu wakijazana mtandao unakaba, picha ya laivu inakwama mtu akiwa hewani. Niliishia kutegemea saa yangu na jamaa mmoja mwenye kiredio.

Wanaopenda kuona kila kitu bila kubahatisha hao wawaze velodromu, ule uwanja maalumu wa kuzungukia baiskeli. Mimi sijawahi kuingia, nimeangalia kwa skrini tu, lakini kama huduma kwa mtazamaji ni kitu kingine kabisa, mita 250 za mbao, kona zimelala mpaka nyuzi arobaini na kitu, baiskeli hazina breki wala gia za kubadilisha, na kutoka kwenye kiti chako unaona mwanzo mpaka mwisho. Eliminesheni ndo nzuri kwa mgeni, kila raundi mbili wa mwisho anatolewa, hata bibi anaelewa bila kufundishwa. Keirin pia, pikipiki inawaongoza taratibu halafu raundi tatu za mwisho inawapisha wanafumuka. Kwa wanaotaka vyote viwili, Glasgow, Uskoti, Agosti 2023 UCI waliweka aina 13 za mashindano ya baiskeli sehemu moja kwa siku 11, barabara na velodromu na milima na vingine, na Lotte Kopecky wa Ubelgiji akashinda eliminesheni na mbio za pointi ndani ya velodromu kisha akaja kubeba na ya barabarani siku ya mwisho. Wanaume ilikuwa vituko, waandamanaji walisimamisha mbio karibu lisaa, halafu Mathieu van der Poel wa Uholanzi akaanguka peke yake kwenye mvua akiwa anaongoza, kiatu kikavunjika, akaamka akashinda hivyohivyo. Utaratibu huo wa kujumuisha unarudi 2027 Haute-Savoie, Ufaransa. Lakini velodromu ni tiketi na kiti, mtoto wa mtaani haingii. Kimihurura aliingia.

Mwaka 2026 ni Montreal, Kanada, Septemba 20 mpaka 27, Vallieres atakuwa nyumbani kwao na hiyo nitaiangalia kwa skrini kama wengi wetu kwa sababu viza na nauli ya kule siyo mchezo. Kwa mwenye hamu ya kusimama barabarani kuna Tour du Rwanda kila mwaka mwanzoni mwa mwaka, Kwa Mutwe mara nyingi wanapita. Fika mapema kabla hawajafunga barabara, na hakikisha upande uliosimama ndo huohuo wenye choo na chakula, maana wakishafunga kuvuka ni kwa kusubiri afisa afungue, na hafungui ukitaka wewe. Beba kofia na maji, mawe yanarudisha jua usoni. Simama juu ya kilima, theluthi ya mwisho, wakiwa wameshachoka ila hawajafika kileleni. Simu ichajiwe.